Viti Saba vya Mpishi

Jina lake sitalitaja, na si kwamba nimelisahau. Kwetu Masisi, milimani Kongo, mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Huyu hakumzaa mume wangu, lakini alikuwa rika moja na baba yake, mume wangu alimwita Papa, kwa hiyo kwangu alikuwa baba mkwe kamili pamoja na masharti yake yote: jina lake usilitaje, usoni usimtazame, mbele yake usile. Tangu nilipoletwa Bihambwe kuolewa, miaka ya arobaini ikielekea mwisho, jina lile halijapita kinywani mwangu, na sitaanza leo uzeeni. Watu walimwita Mpishi. Nami nitamwita hivyo.

Ukitaka kumjua, anza na miguu yake. Mtu yule alikuwa anasimama. Kanisani benchi tupu zipo, yeye yuko nyuma karibu na mlango, wima. Kwenye matanga wazee wenzake wamejinyoosha juu ya majani ya migomba, yeye wima. Siku za soko la Sake, kabla ya mteremko wa mwisho, kila mtu hutua mzigo na kuukalia apumue kidogo. Yeye alitua mzigo wake akasimama kando yake, kana kwamba mzigo ndio mgonjwa na yeye ndiye muuguzi.

Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na saba kwa mzungu mmoja wa mlima wa pili, mwenye mashamba ya pareto. Nyumba ile ilikuwa na meza ndefu na viti kumi na viwili, vyote sura moja. Mpishi alipika, akavaa koti jeupe, akaleta chakula mwenyewe, kisha akasimama nyuma ya viti na kitambaa kwenye mkono wa kushoto mpaka watu washibe. Miaka kumi na saba anatazama visogo vya watu wanaokula. Ndiyo maneno yake mwenyewe. Alisema kwamba masikio ya mtu anayetafuna yanaweza kukuambia kama amefurahi au amenuna.

Kilichomwingia moyoni kule hakikuwa sosi wala nyama. Ni kwamba watu wale walikula pamoja. Baba, mama, watoto, mgeni aliyetokea Goma na vumbi lake, wote meza moja, wakiongea.

"Mama anasema, papa anajibu, mutoto anacheka," aliniambia siku moja, amesimama nje ya ua wangu, mimi nimegeuza uso kama inavyopasa. "Sisi huku, papa anakula kwa baraza, mama anakula kule kwa moshi. Muntu anakufa, na bwana yake hajue alipenda nini."

Mke wake alikuwa amefariki kabla mimi sijaja. Nilielewa kwamba alikuwa anamsema yeye, na nikajifanya sikuelewa, maana mkamwana atajibu nini hapo?

Mzungu alipofunga mizigo na kurudi kwao, Mpishi alirudi kwenye shamba lake la maharagwe na mihogo, akajenga nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu. Cha kulala, cha kuwekea maharagwe, na cha tatu, Yesu wangu, cha kula. Kula tu! Mama mkwe wangu alienda kuchungulia, akarudi ameshika kiuno.

"Chumba muzima! Hakuna kitanda, hakuna mbuzi, hata gunia hakuna. Eti salamanje!"

Neno hilo, chumba cha kula kwa Kifaransa, Mpishi alilitoa kwa mzungu, nasi tukalichukua kwa kumcheka. Hata wanawake wa kwenda kuchota maji walisema leo tupite njia ya salamanje.

Meza aliipiga mwenyewe kwa mbao za vitanda vya kukaushia pareto, na harufu ya yale maua haikuitoka kamwe. Juu yake alitandika kitambaa cha magunia ya unga, kimefuliwa mpaka maandishi yakabaki vivuli. Katikati aliweka mkebe wa jemu wenye maua mabichi, akiyabadilisha kila Jumapili. Ukutani alitundika kalenda yenye picha ya mlima wa theluji, kalenda ambayo miezi yake ilikwisha zamani. Kuta alizipaka udongo mweupe, na chini akazungusha mstari wa udongo mwekundu, umenyooka kabisa. Haki ya Mungu, chumba kilipendeza. Ubaya ulikuwa viti.

Kumi na viwili hakuweza kupata. Hata viwili vinavyofanana hakuweza kupata. Cha kwanza kilikuwa cha kukunja, cha safari, alichoachiwa na mzungu siku ya kuagana; turubai lilikuwa limepasuka, akalishona kwa gunia la kahawa. Cha pili kilitoka misheni, kile cha kupigia magoti; alikirefusha miguu, lakini aliyekikalia bado alijisikia anaungama. Cha tatu kilikuwa sanduku la sabuni lililopigiliwa mgongo. Cha nne alikipata Sake kwa kinyozi aliyekuwa anahama, na kilikuwa na mahali pa kuegeshea kichwa. Mume wangu alisema ukikaa pale shingo yenyewe inaanza kungoja wembe. Cha tano kilikuwa kigoda cha jikoni cha marehemu mke wake, alichokipandisha juu ya vipande vinne vya mti ili kifikie meza. Viwili vya mwisho vilikuja baadaye, nitavifikia.

Ili vipatane kidogo, alivipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya mzungu. Rangi ikaisha kwenye kiti cha kinyozi, katikati ya mgongo. Basi akashona mito ya kitambaa kimoja kwa vyote. Akavipanga, akarudi nyuma hadi mlangoni, akafumba jicho moja, akavipanga upya. Leo kinyozi karibu na misheni, kesho misheni karibu na sabuni. Shamba langu la maharagwe lilikuwa juu ya nyumba yake, na nikiwa nimeinama na jembe nilivisikia viti vikigongana mle ndani. Nilimhurumia hata kabla sijajua kwa nini.

Lakini msidhani alikuwa mpole. Ah! Alikuwa na ulimi. Jikoni kwake hakuna aliyeruhusiwa kupaza sauti. "Pole pole, sosi inasikia," alikuwa anasema, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Siku moja mume wangu alimpelekea sombe, majani ya mihogo, niliyoipika mimi. Chungu kilirudi na chakula chake na ujumbe: "Hii sombe ilipikwa na muntu mwenye kununa." Nilimtukana moyoni kwa Kiswahili na kwa Kihunde. Tena kilichonichoma zaidi ni kwamba alisema kweli. Asubuhi ile tulikuwa tumegombana, mimi na mama mkwe, na majani yale niliyatwanga kama ninayatwanga mashavu yake.

Na chumvi! Chumvi ilikuwa mambo yake peke yake. Aliiweka jikoni kwenye mkebe wenye kifuniko, na mezani haikufika. Alikuwa anakuja nyuma yako na kukuuliza, "Chumvi inatosha?" Ukisema haitoshi, alienda, akaleta vidole vitatu, akakutilia mwenyewe. Hakuna aliyesema haitoshi. Ilikuwa kama kumpiga kofi.

Na huyo huyo, aliyejua kukunja mayai yakawa laini kama pamba, chakula chake mwenyewe kilikuwa maharagwe ya jana, baridi, anayakula jikoni amesimama, sahani mkononi, uso kwenye mafiga. Chumba kizima cha kula kiko hapo hatua tano. Sikumwona hata siku moja amekalia kimoja cha viti vile. Nilidhani anavitunza kwa wageni.

Wageni wa kwanza walikuja siku ya Bonane, mwaka mpya unaingia. Alimwalika mume wangu, katekista, na majirani wengine watatu, na kila mmoja alimwambia, "Kuya na mama ya batoto." Wanaume walicheka mpaka machozi. Mama mkwe hakucheka.

"Mukamwana akule mbele ya mukwe wake? Atafungua kinywa namna gani? Haya iko wapi?"

Basi wanawake tukabaki. Mimi peke yangu nilienda, kwa kuwa yeye hana mke, nimsaidie kuosha vyombo. Nikakaa jikoni, nikachungulia kupitia ufa wa mlango, kwa hiyo ninayosema niliyaona.

Wanaume watano waliketi kwenye viti vitano, kila mmoja urefu wake. Aliyekalia kigoda alikuwa juu kama jogoo, na wa kiti cha safari meza ilimfika kifuani. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na kitambaa kidogo kimekunjwa kama ndege. Hawakujua cha kufanya nacho. Jirani mmoja aliona ni zawadi, akashukuru, akakitia mfukoni. Wengine wakaona mwenzao ana adabu, nao wakavitia mfukoni. Jumapili iliyofuata kanisani niliwaona wake zao watatu wamefunga vitambaa vile vichwani, na Mpishi nyuma kabisa, amesimama, anavitazama. Hakuvidai.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuwa. Alipokwisha kuleta chakula, Mpishi alitandaza kitambaa kwenye mkono wake wa kushoto, akaenda kusimama nyuma ya viti.

Nyinyi msio wa kwetu lazima niwaeleze. Kwetu mdogo hakai huku mzee amesimama. Hata kwenye shamba, mzee akipita, unainuka. Na mzee akisimama nyuma yako huku unakula, maana yake ni moja: umekula sehemu yake, na anahesabu matonge. Wanaume wale watano wote walikuwa watoto mbele yake. Mume wangu aliinuka kwanza.

"Papa, kaa hapa."

"Mimi? Hapana, hapana. Mukule."

Akamshika mabega, akamrudisha chini. Katekista naye akainuka, naye akashushwa. Wakaanza kula wameinamisha vichwa kama watu wanaonyeshewa na mvua. Nyama ile ilikuwa imepikwa siku mbili, ikaenda chini bila kutafunwa. Kisha Mpishi akasogea nyuma ya katekista, akainama kwenye sikio lake, akauliza kwa ile sauti yake ya heshima, "Chumvi inatosha?" Maskini katekista alipaliwa, akakohoa mpaka macho yakatoka. Baada ya dakika chache walikuwa wote nje, wanashukuru kwa mikono miwili, wanarudi nyuma.

Nilitembea nyuma yao njiani na beseni langu.

"Chakula ni kitamu, sisemi," katekista alisema. "Lakini muzee anasimama kwa kisogo yangu! Mutaniambia nilikula? Nilimeza tu."

"Mimi sirudi," akasema mwingine. "Iko kama kula kwa matanga ya muntu angali hai."

Kesho yake asubuhi Mpishi alikuja kwenye ua wetu. Alikuwa amevaa vizuri.

"Mukamwana, waliona viti, si njo hivyo? Viti havifanane. Muntu anakalia sanduku ya sabuni, anaona haya, hawezi kuongea."

Nilikuwa nimeshika chungu. Nikageuza uso upande wa migomba. Jibu lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi: Papa, ukae nao. Maneno matatu. Lakini mkamwana amfundishe baba mkwe kukaa? Na ningejuaje yaliyotokea mezani, kama siyo kwa kuchungulia?

"Sijui, Papa," nikasema.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, na nimeiungama mara moja tu, hapa. Padri sikumwambia, maana sikujua ningeiita nini.

Mume wangu nilimwambia usiku ule ule amweleze mzee. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia akamvue nguo.

"Nimwambie muzee hajue kukaa? Nani aseme ile neno? Weye?"

Katekista hakusema. Majirani hawakusema. Sote tulikuwa na heshima kubwa mno. Na kwa heshima hiyo tulimwacha peke yake miaka kumi.

Kwa sababu aliamini ni viti, alitafuta viti. Mwaka uliofuata alisikia kwamba huko Walikale, msituni, kuna mafundi wanaosuka viti kwa kekele, zile kamba ngumu za miti ya juu, na kwamba wanaweza kusuka sita vya sura moja. Tena mtoto wake wa pekee alikuwa kule, anafanya kazi. Akapanda lori la mihogo, akapotea mwezi mzima. Tulianza kusema huenda msitu umemmeza. Siku aliporudi nilikuwa shambani. Nilimwona anapanda kilima kutoka barabarani na kiti kimoja kichwani, kimegeuzwa, miguu juu.

Kimoja. Mafundi walikuwa na vitano vingine, lakini dereva alikataa kuvipakia, akasema lori si kanisa. Mtoto wake aliahidi kuvileta mwenyewe siku ya Bonane na kuketi kwenye kimoja. Mpishi alimngoja Bonane ile na iliyofuata. Mtoto hakuja, alituma salamu kwa madereva. Baadaye hata salamu zikakatika.

Kile kiti cha Walikale kilikuwa kizuri, cheupe, chepesi, na kikilia kila ukikisogeza. Huku kwetu kwenye baridi na ukungu kilianza kulegea mwaka ule ule.

Alialika tena. Safari ya pili walikuja watatu, kwa aibu. Safari ya tatu alikuja katekista tu, akaomba ruhusa kabla ya mchuzi. Baada ya hapo kila mtu alikuwa na shamba, na mgonjwa, na mbuzi aliyepotea. Lakini Jumapili baada ya misa Mpishi alitandika meza vile vile. Sahani, vijiko, maua. Aliacha mlango wazi, akasimama kando yake na kitambaa mkononi, anatazama njia. Nilimwona kutoka juu. Jua likishaelekea upande wa pili wa kilima, aliondoa sahani moja moja, safi kama alivyoziweka.

Sasa kile cha saba. Kilitokea baada ya kile cha Walikale, miezi kadhaa, sikumbuki mingapi. Nilipita pale na maji, mlango uko wazi, nikakiona: kiti kifupi, kigumu, chekundu. Rangi aliiomba kwa dereva mmoja wa lori. Miguu yake ilikatwa chini kuliko ya vingine vyote, na mto wa pili ukawekwa mgongoni. Mimi ni mfupi. Nyumbani kwetu waliniita Kafupi, na kwenye kiti cha kawaida miguu yangu huning'inia kama ya mtoto. Mpishi hakuniambia lolote, wala mimi sikuuliza. Lakini Bihambwe nzima mtu mzima mwenye miguu mifupi namna ile nilikuwa mimi peke yangu. Aliniona siku ile ya Bonane ya kwanza nimesimama kwenye ufa wa mlango wake, na akanitengenezea mahali.

Nilipeleka maji nyumbani. Kuanzia hapo nilibadilisha njia, nikazungukia kwa juu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mama mkwe akafariki. Mume wangu akashikwa na kifua msimu wa mvua, akalala wiki tatu, akaniacha. Binti zangu wakaolewa mbali, mmoja upande wa Walikale, mmoja Minova. Nikabaki na nyumba yangu na jiko langu. Hapo ndipo nilipoanza kula kutoka kwenye sufuria, nimesimama. Ukiwa peke yako kukaa ni kazi. Unajiuliza, nikae kwa sababu ya nani? Siku moja nilijikuta na kijiko mkononi, uso kwenye mafiga, na nikajua niliwahi kumwona nani hivyo. Nililia kidogo, nikamaliza maharagwe yangu.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Mpishi hakuwepo kanisani. Nilikuwa kwangu ninatenga chakula nikasikia shoka. Jumapili hakuna anayepasua kuni. Nikasikiliza: mbao kavu, inapasuka kwa sauti nyepesi, na sauti inatoka kwake. Nikachukua sahani yangu ya bugali na maharagwe, nikaifunika, nikasema nitajifanya nimempelekea mgonjwa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amezeeka, koti jeupe limemwanguka mabegani kama liko kwenye kamba. Chini palikuwa na rundo, na kwenye rundo nikaona rangi ya kijani iliyoishia katikati ya mgongo. Kinyozi. Nikaona kamba za kekele. Nikaona mgongo mrefu wa misheni. Vinne vilikuwa vimekwisha kuwa kuni. Kigoda cha mke wake alikuwa amekiweka pembeni ukutani, na kile cha safari kimeegemea karibu yake. Mbele yake, kwenye kigogo, kilikuwa kile chekundu.

"Papa," nikasema, "unafanya nini?"

"Ninapasua kuni."

"Ni viti, Papa."

"Havifanane," akasema. Hakuwa na hasira. "Mimi ni mujinga. Mzungu alikuwa navyo kumi na mbili, vyote ndugu. Mimi nilikamata kila kitu nilichopata, nikaita bantu. Waliona haya, wakakimbia. Sasa ninapikia maharagwe."

Akainua shoka.

Sijui nani alinisukuma. Nilitembea mbele ya baba mkwe wangu, nikakitoa kile kiti juu ya kigogo, nikakiweka chini, nikakikalia. Miguu yangu ikafika ardhini vizuri kabisa. Sahani ikiwa mapajani, uso wangu nimeuelekeza migombani, nikasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayepigana:

"Papa, haikuwa viti!"

Shoka likabaki juu.

"Njo nini?"

"Ulikuwa unasimama. Bantu walikuwa wanakula, na weye unasimama nyuma yao. Muzee anasimama, batoto wanakula! Walishindwa kumeza, Papa. Chakula kilikuwa kitamu. Walitaka ukae nao."

Alishusha shoka taratibu. Nililisikia likitua chini, maana sikuwa ninamtazama.

"Mulijua?" akauliza.

"Tulijua."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo, Papa."

"Na weye. Mbona hukuniambia?"

"Mimi ni mukamwana wako," nikasema. Jibu lile lilikuwa sahihi kwa kila mila ya Masisi, na nililionea aibu kama sijawahi kuonea aibu kitu.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu, kama anajisemea, "Kumbe ilikuwa kukaa." Kisha akainama, akaanza kuokota vipande vya kekele, anavigeuza mkononi, akijaribu kuona kama vinaungana. Havikuungana. Nikamwambia, "Papa, chakula kinapoa. Tuingie."

Niliingiza kiti changu mwenyewe. Alileta kigoda, akaleta na kile cha safari, akavipanga, na hata siku ile alirudi nyuma mlangoni akafumba jicho moja. Meza ilionekana ndefu mno kwa viti vitatu. Niligawanya bugali yangu katika sahani mbili. Kutoka jikoni nilileta vijiko, na mkebe wa chumvi, nikauweka mezani upande wake, bila kumwomba ruhusa.

Nikakaa. Yeye alikuwa ameshatandaza kitambaa kwenye mkono wake wa kushoto na miguu inamsogeza nyuma yangu.

"Papa. Kaa."

Alizunguka meza. Alikishika kigoda cha mke wake kwa mikono miwili, akajishusha kidogo kidogo kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, mpaka akafika. Akatulia hapo, mgongo umenyooka.

"Mukamwana," akasema, "mikono ninaweka wapi?"

Mtu aliyejua kila kijiko kinalala upande gani! "Popote, Papa," nikamwambia. "Weka tu."

Tukaanza kula. Yeye alitazama mlango, mimi nilitazama kalenda na mlima wake wa theluji, kwa sababu haya ni haya, na hatukuwa tumeiondoa yote. Kiti cha safari kilikuwa kati yetu, kitupu. Niliweka tonge kinywani mbele ya baba mkwe wangu, nikatafuna, mbingu hazikuanguka. Nilisikia naye anatafuna. Katikati ya chakula aliinuka mara mbili kwa mazoea, na mara mbili akajikumbuka, akaketi.

Kisha akauliza, safari hii sauti ikitoka mbele yangu, siyo kisogoni:

"Chumvi inatosha?"

Maharagwe niliyapika mimi, nilijua yalivyo. Nikakumbuka katekista, na wanaume wote waliosema inatosha, Papa, na mimi mwenyewe na chungu changu kwenye ua, sijui, Papa.

"Haitoshi," nikasema.

Miguu yake ilisogea chini ya meza, tayari kwenda kuleta. Halafu akanyoosha mkono akiwa pale pale alipokaa, akanisukumia mkebe.